Kengele ya Shamba la Mkonge Juu ya Keria: Kilosa hadi Mikumi kwa Baiskeli

Atukuzwe Mungu, aliyenipa miguu ya kukanyaga pedeli ujanani, na uzeeni akaniachia kumbukumbu ya kumshukuru nayo.

Wakuu, salaam. Walionizidi umri shikamoo naitoa, wanangu na wajukuu marahaba.

Juzi humu kijana mmoja aliuliza njia nzuri ya kuendesha baiskeli hizi za njia za changarawe mnazoziita gravel, njia yenye maji, msitu na vilima vya nyasi. Wengi mkamtuma visiwani, akaendeshe pembeni ya bahari. Sawa, bahari ni nzuri.

Lakini njia hiyo mimi naijua, na haina bahari. Ni Kilosa hadi Mikumi kupitia kijiji cha Ulaya. Niliipita na mzigo ambao sijasikia mwingine aliyeubeba.

Najua kuna watakaosema hii ni chai. Mimi ni katekista mstaafu. Nimefundisha watoto amri ya nane muda mrefu mno kuja kuwadanganya ninyi uzeeni.

Ilikuwa miaka ile ya soko huria. Mashamba ya mkonge yalikuwa yanabadilisha wenyewe, mengine yamekufa kabisa, majani yamezidi mkonge. Shamba moja upande wa Kimamba lilipata mwenyewe mpya, naye akaagiza vyuma vyote visivyo na kazi vipelekwe kwa wanunuzi wa chuma chakavu.

Kati ya vyuma hivyo ilikuwemo kengele ya shaba.

Kengele ile ndiyo iliyokuwa ikiwaita vibarua alfajiri. Baba yangu alitoka Songea akiwa kijana, akakata mkonge kwenye shamba lile mpaka mgongo ukapinda. Alipostaafu tulihamia nje kidogo ya Mikumi, tukalima. Huko tukawa na kigango chetu, kanisa dogo la matofali ya kuchoma. Kengele yetu ilikuwa rimu ya gari.

Msimamizi wa shamba alikuwa mtu mwema. Alituambia, "Kengele chukueni bure, ila iondoke kabla ya Pasaka. Pasaka ikipita, lori la chuma chakavu linakuja na mimi sina kauli tena."

Waumini wakafurahi. Baba hakufurahi.

"Kengele ile?" akasema. "Mwacheni huyo wa chuma chakavu aiyeyushe atengeneze masufuria. Ukiileta hapa utakuwa umemleta nyapara mpaka kitandani kwangu. Siku itakayolia, msinitafute kanisani."

Nikamwambia, "Baba, kengele haikuwa na kosa. Ilipigwa na watu."

Akageukia ukutani.

Hapo ndipo palikuwa pazito kwangu, wakuu. Tope nililijua na vilima nilivijua. Hofu yangu ilikuwa kwamba naweza kuipatia Pasaka kengele, nikamkosesha Pasaka baba yangu.

Nilisali sana. Moyo ukaniambia nenda.

Masika yalikuwa yamekolea. Malori yalikuwa hayapiti, na treni ya tawi la Kidatu ilikuwa na siku zake, ambazo hazikuwa zangu. Nilikuwa na baiskeli yangu Phoenix, na nilikuwa na Nassoro.

Nassoro ni rafiki yangu wa utotoni, fundi baiskeli. Baba yake na baba yangu walikata mkonge mstari mmoja. Ni Mwislamu wa swala tano. Nilipomweleza akauliza swali moja tu: "Keria yako imechomelewa au ya boliti?"

Ilikuwa ya boliti. Akaichomelea.

Wiki ile tukateremka shambani na baiskeli zetu mbili tupu. Kengele ilikuwa na uzito wa kama nusu gunia la mahindi. Nassoro alisokota kamba ya katani akafanya kata, kama ya mama wa kuteka maji, akaiweka juu ya keria. Kengele ikakaa juu yake mdomo chini, ikafungwa kwa mipira ya tairi.

Ulimi wa kengele niliufunga mwenyewe, kwa kipande cha gunia na kitambaa juu yake. Wasiojua niwaambie: kwetu Wakatoliki, kuanzia Alhamisi Kuu kengele hunyamaza. Hazilii tena mpaka wimbo wa Utukufu wa Pasaka. Na sisi tulikuwa tunaondoka Ijumaa Kuu.

Kutoka Kilosa njia ni tambarare. Kushoto mashamba, kulia mashamba, katikati tope jekundu linalonata kwenye madigadi mpaka gurudumu linagoma. Ukiwa na mzigo mzito nyuma, usukani unakuwa mwepesi, gurudumu la mbele linataka kuruka kama mbuzi. Sehemu kubwa tulisukuma.

Njiani Nassoro akatoa mihogo ya kuchemsha. Mimi nilikuwa nimefunga.

"Leo mimi nakula na wewe unanitazama," akasema. "Mwezi wa Ramadhani ulivyokuwa unakula ubwabwa mbele yangu, ulidhani Mungu haandiki?"

Nikacheka mpaka baiskeli ikayumba.

Kabla ya Ulaya kuna mto. Maji yalikuwa magotini lakini yana nguvu, na chini ni utelezi. Tukasimama tukitazamana. Ng'ambo alikuwepo mfugaji, Msukuma mmoja aliyehamia na familia yake, ananywesha maksai. Akaitazama kengele, akaitazama tena.

"Shikamooni," akapaza sauti. "Huyo ng'ombe wa kuvaa kengele hiyo yuko wapi, nimwone?"

Nassoro akamjibu, "Ametangulia Mikumi! Ukikutana naye mpishe!"

Yule bwana alicheka, kisha akavuka na maksai wawili. Akafunga kamba kwenye fremu, sisi tukashika pande zote mbili, maksai wakavuta. Baiskeli ikatoka mtoni kama mtu aliyebatizwa. Nilimuuliza nimpe nini. Akasema, "Siku nikipita Mikumi, niipige mara moja." Tukakubaliana.

Tulilala Ulaya kwa ndugu zake Nassoro. Jumamosi Kuu asubuhi tukaingia msituni.

Vijana, hapo ndipo penye raha ya njia hii. Miombo imefunga juu, chini changarawe safi, mvua haikai. Tairi linaimba. Kwa mara ya kwanza nilipanda, nikakanyaga, kengele iko kimya nyuma yangu.

Kisha Nassoro aliyekuwa mbele akashuka. Akanyoosha mkono tu.

Tembo. Jike na mtoto wake, katikati ya njia, na wengine wanasikika wakivunja matawi pembeni.

Nassoro akalaza baiskeli yake chini taratibu. Mimi yangu sikuweza kuilaza. Ningeilaza, kengele ingeanguka nayo. Nikabaki nimeishika, miguu nimeitanua kwenye changarawe, uzito wote uko mikononi.

"Katekista," akanong'ona, "fungua hicho kitambaa upige."

"Leo Jumamosi Kuu. Kengele zimefungwa."

"Kwani tembo hawa ni Wakatoliki?"

Wakuu, nusu nicheke na nusu nilie. Nikamwambia, "Nassoro, Mungu hatanihukumu nikipiga kuokoa roho yako. Akitusogelea, napiga. Lakini mama mwenye mtoto ukimpigia shaba masikioni, atakimbia kuelekea wapi?"

Akafikiri. "Kwetu," akasema.

"Basi tungoje."

Tukangoja. Nassoro alikuja akashika upande wa pili wa keria ili mikono yangu ipumzike. Mimi natembeza rozari kimoyomoyo, yeye midomo inacheza dua zake. Kati yetu kengele, na ndani yake ulimi wenye kitambaa.

Jike akatikisa masikio. Akamsukuma mtoto kwa mkonga, wakaingia upande wa pili wa msitu bila haraka, kama watu wanaotoka sokoni.

Tukapanda tena, tukakanyaga mpaka msitu ulipoisha.

Baada ya hapo ni vilima vya nyasi. Kupanda tulisukuma wawili. Kushuka, breki za fimbo zilikuwa hazitoshi, kwa hiyo Nassoro alifunga kamba nyuma ya keria akawa ndiye breki, ananivuta huku anateleza na kunitukania uzito wa dini yangu. Kisha anarudi juu kufuata baiskeli yake.

Mteremko wa mwisho ulikuwa mrefu na mpole, na Mikumi yote iko chini, na milima ya hifadhini ina rangi ya bluu. Nassoro akaachia kamba.

"Nenda!" akasema.

Nikaenda. Wallahi, kama anavyosema yeye, nilishuka kile kilima nikiimba. Jua bado liko juu, wanawake wa kigango wametoka na vigelegele, wanaume wananipokea baiskeli mikononi kabla sijakanyaga chini. Sikudondosha hata boliti.

Tukaining'iniza kwenye nguzo mbili jioni ileile. Baba hakutoka ndani.

Nilimpelekea maji ya kunywa. Akauliza kitu kimoja tu: "Mtoto wa mwenzangu naye aliibeba?"

"Nassoro? Njia nzima, Baba."

Akayanywa maji, akanirudishia kikombe.

Asubuhi ya Pasaka padri akafika na pikipiki yake. Kanisa likajaa mpaka nje. Nassoro naye alikuja, akasimama pembeni ya nguzo, anasema anakagua mafundo yake. Nafasi ya baba kwenye benchi ilikuwa tupu, na mimi niliitazama hiyo kuliko nilivyoitazama altare. Mungu anisamehe.

Padri akaanzisha Utukufu. Nikatoka mlangoni kumpa ishara mpigaji.

Kamba haikuwa mikononi mwa mpigaji.

Baba alikuwa amesimama pale, amevaa koti lake la harusi, mgongo umepinda vilevile, kamba ameizungusha kiganjani. Nassoro ameshafungua kitambaa kwenye ulimi.

Baba akaniona namtazama. Akasema, "Ilikuwa inaniamsha kabla ya jogoo, miaka yote ile. Leo acha niiamshe mimi."

Akavuta.

Sina maneno ya sauti ile, wakuu. Ilifika mpaka barabara kuu. Padri alimaliza wimbo na baba bado anavuta, na hakuna aliyethubutu kumwambia basi. Aliipiga kila Jumapili mpaka Mungu alipomwita. Na yule Msukuma alipita kweli, akaipiga mara moja, akaenda zake.

Nililojifunza ni kwamba kitu kilichowaumiza wazee wako usikitupe haraka. Kibebe, hata kama ni kizito, kifikishe mahali ambapo wao wenyewe wataamua.

Na wewe kijana wa gravel, njia ndiyo hiyo. Nenda kiangazi, chukua viraka na solusheni, uliza wenyeji habari za tembo kabla ya kuingia msituni, na usiende peke yako. Mtafute Nassoro wako.

Waliowahi kuipita miaka hiyo, au wenye baba na babu waliokata mkonge, karibuni mseme. Nasoma polepole lakini nitamjibu kila mmoja.

Wewe uliyesoma mpaka hapa, Mungu akupe njia kavu, mwenzako wa kushika upande wa pili wa mzigo, na mtu wa kukupokea jua likiwa bado juu. Amina.