Gari Ilikuwa Muzima

Niko na kosa. Naisema mbele, juu nikianza na maneno mingi nitapata fasi ya kujificha. Ku matanga ya Dieudo bantu balitafuta mulozi, mwenye alimuroga. Bengine balisema ni baridi, bengine ati ni saa yenye Mungu alipanga. Hapana! Mulozi hana gari. Miye njo niko na gari.

Jina yangu sitaitaja. Mutaa yetu yote ya Katuba itanijua, kisha nitanunua makala ya kupikia kwa nani?

Dieudo alikuwa muvyala yangu: mama yake ni dada ya baba yangu. Benye munajua buvyala, munajua. Muvyala unamutukana asubui, anakutukana mangaribi, na hakuna ruhusa ya kukasirika. Ukikasirika, unalipa kuku. Miye na yeye, tangu butoto, hatukupeanaka salamu ya akili hata siku moja. Akiniona tu: "Eh, nyani mwenye alivaa kravate!" Na miye: "Eh, macho ya manjano, ile mayai uliiba wapi?"

Juu macho yake ilikuwa manjano kweli. Dieudo alikuwa SS, ile ugonjwa ya damu ya kuzaliwa nayo. Crise ikimushika, mifupa inamuuma mpaka mwanaume muzima analia. Baridi ni adui yake, maji ni adui, kuchoka ni adui. Sasa niambie, muntu ya namna ile anapenda nini? Kuloba samaki! Ku mutoni Luapula, kule Kasenga, mu mupepo, miguu karibu na maji!

Munganga mumoja alimwambiaka mama yake ati ule mutoto hatafika miaka makumi mbili. Dieudo alifika makumi ine na kitu. "Ule munganga," alikuwa anasema, "nilienda ku matanga yake. Nilikula muzuri sana."

Ungemuona ku maji! Makoti mbili, bonnet ya manyoya mpaka ku masikio, thermos ya maji ya moto ameikumbatia. Anakaa, anatupa ndoano, anaanza kutukana samaki. "Kuya hapa, mujinga! Bakubwa yako nilisha kukula, wewe ni nani?" Bantu ba Kasenga, benye kazi yao ni samaki, banaacha nyavu juu ya kumusikiliza. Kisha anatoa kidonge yake, anaionyesha maji: "Hii si yako." Anameza.

Sasa sikiliza namna alinizoeza mubaya.

Siku moja niko ku kazi, mu ville, katikati ya muji, telefoni inalia. "Muvyala... nakufa... kuya..." Sauti ya muntu mwenye amesha kuaga. Nikamwambia patron ndugu yangu anakufa, nikakimbia mpaka Katuba. Nikamukuta amejifunika bulangeti, anaunguruma. Shangazi, mama yake, analia. Tukamubeba mpaka mu gari. Shangazi akakaa nyuma, rozari mu mukono. Kufika fasi njia inakatana, maiti ikafungua jicho moja.

"Muvyala, pita kushoto. Kasenga iko ile upande."

Akafunua bulangeti. Fimbo ya kuloba, ndoano, na mikate!

Mawee! Nilimutukana kutoka pale mpaka Luapula. Shangazi alimupiga na rozari ku kichwa. Na tulienda, ndiyo! Mangaribi tulikula kambale ya moto pembeni ya maji, Shangazi mwenyewe akacheka mpaka kitambaa ya kichwa ikaanguka. Naapa, sijapataka siku muzuri kupita ile.

Na muongo yule alirudilia ile muchezo mara mingi. Miye nalalamika, naenda. Kila crise ya bongo, ya kudanganya, ilikuwa na samaki nyuma yake.

Bon. Mwezi wa saba, baridi ya kukata masikio. Ilikuwa siku ya posho, Jumamosi, asubui, siendi ku kazi, niko mu parcelle, uwanja ya nyumba yangu, naosha gari. Telefoni inalia. Dieudo.

"Muvyala. Mifupa inanila. Kuya na gari."

Nikaangalia povu ku mikono yangu. Nikacheka. Nikajibu vile muvyala anajibiaka muvyala: "Kufa kwanza! Nikisikia kilio, nitakuya na sanduku. Na nitakaa juu yake, habatakuzika mpaka balipe!"

Juu kwetu iko vile. Muvyala yako akikufa, wewe njo unachekesha matanga. Unavaa nguo yake, unaiga sauti yake, unakaa ku sanduku, bantu banatoa kitu juu utoke. Ni haki yako. Nilikuwa namukumbusha haki yangu, basi.

Alicheka. Haki ya Mungu, alicheka! Kisha akakohoa, akasema pole pole: "Sawa. Mais usichelewe." Akakata.

Na miye nikaendelea kuosha gari. Nikasugua mpaka magurudumu. Ile siku gari yangu iling'ara kupita gari ya bibi arusi.

Jirani yake njo alimupeleka hospitali. Na pikipiki! Muntu wa SS, mu mupepo ya mwezi wa saba, kutoka Katuba mpaka mu ville, juu ya pikipiki! Na gari yangu iko na vioo yote, iko na chauffage, mashini ya joto, yenye inafanya kazi. Ninaiwashaka sasa kila asubui. Inanichoma.

Balinipigia kisha ya saa sita, nikakimbia. Dieudo amelala, oksijeni ku pua, sérum ku mukono, midomo imekauka. Shangazi eko pembeni, anamukanda miguu. Dieudo akaniangalia, akaangalia funguo mu mukono yangu. Halafu, mbele ya mama yake, akaniuliza: "Gari ilikuwa na panne, iliharibika, eh?"

Munaelewa? Aliona niko uchi, akanipatia bongo ya kuvaa. Na miye, muoga mukubwa, nikaivaa.

"Eh, panne," nikasema. "Batri."

"Gari yako iko sawa na sura yako," akasema.

Njo neno yake ya mwisho kwangu. Kesho yake asubui alienda.

Ku matanga nilifanya kazi yangu. Nilivaa makoti yake mbili, nikavaa bonnet, nikashika thermos, nikakaa juu ya sanduku. "Sitoki! Nipeni kambale!" Bantu balicheka, hata katekista mwenye alikuwa amekunja uso. Nikaiga crise yake ya bongo: "Muvyala... nakufa... kuya..." Balianguka ku viti! Miye ndani ya ile bonnet nilikuwa nalia kulia ya kweli, nao banafikiri ni muchezo, banapiga makofi.

Shangazi akasimama. Macho imevimba. Akashika mukono yangu mbele ya bantu bote.

"Muangalie huyu," akasema. "Mutoto yangu akimwita, anakuyaka. Siku yote! Kama gari yake haikuharibika, Dieudo angekuwa naye anatucheka hapa."

Eh, dunia, fungua nikuingie! Haikufungua. Dunia nayo inachagua bantu.

Tangu ile siku, kila siku ya Mungu, Jumapili, kisha ya misa, Shangazi ananiita kula. Kipande kubwa ya samaki ni yangu. Alinipatia fimbo yote ya kuloba ya Dieudo, ati miye njo ndugu ya kweli. Nikaiweka mu kofa ya gari, kule nyuma, na hata Kasenga sijarudi. Jirani bakikuya kumusalimia, anabaonyesha miye na kidole: "Huyu njo alikuwa anakuyaka." Na miye natafuna, nainamisha kichwa, mwizi mwenye banamupikia.

Siku ya Mungu yenye ilipita, nikashindwa. Bukari, ule ugali, iko mbele yetu, moshi inatoka. Nikasema moja kwa moja, mbele roho haijarudi nyuma.

"Shangazi, gari ilikuwa muzima. Hakuna batri, hakuna nini. Alinipigia, nikamwambia: kufa kwanza."

Akaweka tonge chini. Nikangoja kofi. Nilikuwa naitaka ile kofi, nakwambia! Hata ningemusogezea shavu.

"Mbele ya kukupigia wewe," akasema, "alinipigia kwanza miye."

"Shangazi!"

"Nilikuwa ku maombi na bamama ba kwaya. Nikaona jina yake, nikasema: ule muongo anataka nimutengenezee mikate ya safari. Nikarudisha telefoni mu sakosi. Ililia, ikalia, ikanyamaza."

Halafu akapiga meza.

"Mujinga yule! Alituzoeza bongo mpaka siku ya kweli akakosa mwenye kumwamini!"

Akaanza kucheka, machozi inashuka. Na miye nikacheka. Tulimutukana Dieudo pale, miye na mama yake mwenyewe, matusi yenye siwezi kuandika hapa juu batoto banasoma. Na kidogo nikasikia kifua inafunguka. Nikajiambia: bon, tunaibeba babili, itakuwa nyepesi.

Shangazi akapangusa macho na kitenge. Akaniangalia muzuri.

"Mais miye sikushika telefoni," akasema. "Wewe ulishika."

Akanisukumia sahani. "Kula. Samaki inapoa."

Nilikula. Ningefanya nini?

Donc wewe mwenye unasoma hii, uko na muvyala, ao uko na rafiki ya matusi: mutukane! Sikukatazi. Mutukane mama yake kama buvyala inaruhusu, mutukane pua, mutukane samaki yake. Mais akikwambia kuya, hata amekudanganya mara mia, washa gari kwanza. Utamutukana mu njia.