Muundi wa Baba Debra

Mume wangu Jamleck Waithaka hajawahi kuumwa. Hiyo ni ukimuuliza yeye. Aling'olewa jino bila kuniambia, nikabaki kushangaa mezani mbona mtu anatafuna githeri upande mmoja. Wanaume wa kwao wote wako hivyo. Baba yake alikaa kwenye kiti jioni moja, akaulizwa kama yuko sawa, akasema yuko sawa kabisa, aletewe chai tu. Chai ilipofika alikuwa ameshatuacha, na hakuwa mzee wa kusema alishiba miaka.

Jamleck anafanya kazi River Road, kwenye duka la uchapishaji. Kutwa nzima amekaa mbele ya kompyuta akipanga kadi za harusi na vile vijitabu vya mazishi vyenye picha ya marehemu kwa mbele. Cha baba yake alikipanga mwenyewe. Mwaka wa 2006 daktari alimpima presha, akakunja uso, akamwambia mwili usiosogezwa utamgeuka. Jamleck hakuniambia neno. Nilijua siku aliyorudi na raba za mtumba mkononi, akasema ameamua kukimbia.

Tunaishi Kangemi, na ukivuka Waiyaki Way uko Loresho, ambako barabara ni tulivu na nyumba zimejificha nyuma ya nyua za kayaba. Huko ndiko alikokutana na Kanyiva na kikundi chake. Kanyiva ni msichana wa Kikamba, mtaalamu wa tiba ya viungo katika kliniki moja ya Kilimani, na wakati huo alikuwa akisomea digrii ya pili. Kwa utafiti wake alikuwa amewakusanya watu wazima ambao hawajawahi kukimbia. Nusu aliwafundisha kuongeza mwendo polepole na kukaza misuli ya miguu. Nusu nyingine aliwaacha wakimbie wanavyojua wao, halafu aone ni akina nani wanaumia zaidi. Kila Jumapili jioni alimpigia kila mmoja simu kumuuliza kama kuna mahali panamuuma.

Sasa wewe niambie, ni nani hapa kwetu atapigiwa simu na mtu wa heshima, aulizwe habari yake, ajibu kwamba ni mbaya? Sisi hata tukilazwa hospitali tunasema nzuri kwanza, ndipo tunakuonyesha dripu. Halafu kuna haya mambo ya mbio yenyewe. Dunia nzima inatuona kwenye televisheni tukishinda, basi kila mmoja wetu, hata mimi fundi wa cherehani ninayetweta nikipanda ngazi, anaamini mbio zimo kwenye damu. Nani atakubali kuwa Mkenya aliyeshindwa na Loresho?

Jamleck aliangukia ile nusu ya wanaojiendea wenyewe, na alikimbia kama mtu anayedaiwa. Alfajiri ametoka, Jumamosi ametoka, Jumapili kabla ya kanisa ametoka. Si muda mrefu nikaanza kuona mambo. Suruali anavaa akiwa amekaa kitandani. Ngazi za ploti yetu, hili jengo tunalopanga, anashuka upande upande, kama mtu anayepitisha godoro mlangoni. Nikiamka nakuta shuka inanuka mafuta ya kuchua. Nikimuuliza, ananiambia Wangui, wewe unapenda kutafuta magonjwa.

Na kila Jumapili simu ikilia, namsikia kwa masikio yangu. Niko sawa kabisa, daktari. Hakuna shida. Mungu ni mwema.

Nilivumilia, lakini mimi si mtu wa kuvumilia sana. Jumapili moja alikuwa sebuleni akisema hivyo hivyo, mguu ameuweka juu ya stuli na jasho la maumivu linamtoka. Nilimpokonya simu.

"Dada," nikasema, "huyu mtu anakudanganya. Hawezi hata kushuka ngazi."

Kanyiva akaniambia kwa sauti ya chini kwamba atapita kesho akitoka kazini. Nilipokata simu, nilingoja kelele. Jamleck hakupiga kelele. Alitazama ule mguu wake, na alipoongea sauti ilikuwa ndogo, sijawahi kuisikia.

"Mama Debra, wakinitoa kwa hicho kikundi nitarudi kukaa. Baba alikufa amekaa."

Nilijisikia vibaya, sitaficha. Miezi yote hiyo nilidhani ni kiburi cha mwanamume, kumbe ni woga mtupu. Niliketi kando yake nikamshika mkono, na hatukuwasha hata televisheni.

Kanyiva alikuja kama alivyosema. Alipiga magoti kwenye sakafu yetu, akapitisha kidole kwenye muundi, huu mfupa wa mbele ya mguu, polepole kutoka juu kwenda chini. Alipofika mahali fulani Jamleck aliruka. Kanyiva akasema mfupa umeanza kuchoka, na angeendelea hivyo ungepasuka. Apumzike, aende hospitali mguu upigwe picha ya eksirei, na akirudi kukimbia arudi kwa kutembea kwanza. Jamleck akamuuliza kama jina lake litafutwa.

"Baba Debra, hakuna anayefutwa," Kanyiva akamwambia. "Watu wanaoumia ndio ninaowatafuta. Kikundi kizima kinaniambia kiko sawa, na mwalimu wangu anasema haiwezekani."

Halafu akanigeukia mimi, akaniuliza kama ningekuwa yeye ningefanyaje. Nikamwambia awaulize wanaolala nao nyumba moja. Alicheka, lakini alikwenda kuomba ruhusa, kwa chuo na kwa wenyewe, akapewa. Hebu basi uone maajabu. Makau, mwalimu wa hesabu, mkewe akasema anafundisha akiwa amevaa kandambili kwa sababu ya kisigino. Gerishon, mzee wa kanisa, alikuwa hapigi magoti tena wakati wa maombi, na waumini walidhani amepoa imani. Wengi wa walioumia walikuwa wale wa kujiendea wenyewe. Kanyiva aliwaita wote pamoja, akawaambia bila kuwafokea kwamba maumivu ya mtu anayeanza si aibu wala si ushujaa, ni habari, na habari ikichelewa haina kazi.

Mguu ulimrudisha Jamleck nyuma mpaka mbio za hisani za mjini, ambazo kikundi kilikuwa kinajiandalia, zikampita. Siku hiyo aliwashikia wenzake mifuko na hakununa. Baadaye alianza upya, dakika za kutembea, dakika za kukimbia, mpaka nikazoea. Jioni akawa ananiambia leo goti limekaza, leo hakuna kitu. Wakati mwingine nilimwambia inatosha, mimi si daktari, lakini moyoni nilifurahi.

Mwaka uliofuata, Jumanne moja asubuhi, nilikuwa nakata sare za shule simu ikalia. Alikuwa River Road.

"Wangui, kifua kinanibana na mkono wa kushoto umekufa ganzi. Nimewaambia hapa kazini, wananipeleka hospitali. Nikute huko."

Sijui nilifikaje. Nilimkuta amelazwa, ana waya kifuani, lakini macho yako wazi na ananitafuta. Daktari aliniambia mshipa wa moyo ulikuwa unaziba, na kwamba wanaume wengi wa umri wake hungoja mpaka jioni waone kama itapita. Huyu hakungoja. Atapona.

Nilitoka nje, nikashika ukuta wa korido nikalia kwa sauti. Mama mmoja nisiyemjua alinishika bega, akanipa pole, akaniambia Mungu ndiye anajua kwa nini amemchukua.

"Hajamchukua," nikamwambia. "Wangu alisema mapema."