Jiwe la Askofu Mtoni Kasikeu

Mdogo wangu alikuwa askofu. Mteja akimtaja katika duka langu la mbegu hapa Sultan Hamud, mimi humjibu, "Huyo ni wa tumbo moja na mimi," kabla hata sijauliza anataka nini.

Tulichunga mbuzi pamoja kule Nuu. Yeye aliwahubiria, mimi nikamcheka. Baadaye akawa mwinjilisti wa baiskeli, kisha mchungaji wa Kasikeu, kisha askofu. Siku alipowekwa wakfu watu walitarajia atangaze ujenzi wa kanisa kubwa. Akasema, "Kwaya yenye kiu haiimbi vizuri. Tuanze na mto."

Mito yetu ni mchanga mtupu karibu mwaka mzima. Ukijenga ukuta wa mawe kukatiza mto, mafuriko huujaza mchanga kwa nyuma, na maji hujificha ndani ya mchanga huo jua lisiyafikie. Lakini ukuta hupandishwa kidogo kidogo, msimu baada ya msimu, ili tope lipite juu na mchanga mzito ubaki. Kila mtu huku anajua hivyo. Hata mimi nilijua.

Alijenga kuta nyingi. Wa mwisho ulikuwa wa Kasikeu, akikaribia kustaafu, na mimi nilikuwa mwenyekiti wa kamati. Nilitaka auzindue siku ya kumuaga, jina lake likiwa limechongwa kwenye jiwe la juu.

"Kaka, mto hauharakishwi," aliniambia.

Alipokwenda kutembelea makanisa ya Kitui, niliita mwethya, kazi yetu ya pamoja, kijiji kizima kikatoka na sururu na karai, tukapandisha ukuta hadi juu kabisa. Mvua ikanyesha. Mafuriko yaligonga ukuta ule mrefu, yakatulia, yakaacha tope lake lote pale.

Akina mama walikuja na mitungi, wakachimba, wakakuta uji mweusi. Mmoja wao, mwimbaji wa kwaya, akanigeukia.

"Mwenyekiti, hii tuipikie chai au tukapake nyumba?"

Walicheka. Mimi nilijua ukuta ukibaki hivyo, kiangazi chote watarudia kufuata punda hadi mto wa mbali.

Asubuhi ya kumuaga, nikimsaidia kufunga kola, nilimweleza yote. Akauliza, "Jina langu liko mstari gani wa mawe?"

"Wa juu kabisa."

"Vizuri."

Baada ya ibada tuliteremka mtoni, wageni kwa wenyeji. Jiwe lilikuwa limefunikwa kitambaa. Alivua joho, akanipa nilishike, akaomba nyundo.

"Baba Askofu, fundi yupo!" mtu akapaza sauti.

"Fundi apumzike. Ukuta huu umepandishwa kwa haraka, na mimi ndiye askofu wenu. Kosa ni langu."

Sikuweza kuvumilia. "Ni langu mimi," nikasema. "Yeye alinikataza."

Akanitazama, akatabasamu kama zamani tulipochunga mbuzi. "Basi mpe mwingine joho, ushike sururu."

Pigo la kwanza alilipiga juu ya jina lake. Wazee kwa vijana tukapanda na nguo za Jumapili, tukabomoa mistari ya juu hadi ukuta ukabaki mfupi. Nimeona maaskofu wakishangiliwa, lakini sijaona mwingine akishangiliwa kwa kuvunja jiwe lake mwenyewe.

Mvua iliyofuata ilizoa lile tope. Tukaujenga upya, kidogo kila msimu. Mwaka huu, ukuta ulipofika kimo chake, fundi aliniuliza kama tuweke jiwe la jina. Nikamwambia amalizie tu simiti.

Mdogo wangu alikuwa ameketi ukingoni, amestaafu, kofia ya jua kichwani. Yule mwimbaji alichimba mchangani kwa mikono, akangoja, akachota kikombe cha maji. Nilidhani atampelekea askofu. Akaniletea mimi.

"Kunywa, Mwenyekiti. Hii si ya kupaka nyumba."

Nilikunywa nusu, nusu nikampelekea mdogo wangu.