Mama Mkwe Wangu Huchimbua Meno ya Watoto, na Wangu Hamgusi

Admin, jina langu libaki kwako, lakini mji utaje, maana nataka watu wa Garissa wasome. Nina miaka thelathini na mmoja, ni mwalimu wa Gredi ya Tatu, nimeolewa hapa Galbet na nina watoto wawili: binti wa miaka minane na mvulana wa miezi saba. Kwetu ni Eldas. Siku hizi naambiwa nimesoma mpaka nimepotea. Haya, nimepotea. Someni kwanza.

Mama mkwe wangu anaheshimiwa sana mtaani. Mtoto mchanga akiharisha na kupata homa, akina mama humpeleka kwake. Anamfungua kinywa, anaonyesha uvimbe mweupe kwenye ufizi, anasema hayo ni ilko dacawo, meno ya mbweha, yale ambayo wengine huyaita meno ya plastiki. Kisha anayachimbua kwa spoku ya baiskeli aliyoinoa. Hapokei pesa, anapokea sukari na dua. Si mtu mbaya. Alizika watoto wake wawili kwa kuharisha kabla hajajifunza kazi hiyo, na anaamini kwa moyo wote kwamba anaokoa wa wengine.

Binti yangu alipokuwa na miezi sita aliharisha. Mama mkwe akaniambia, "Shika kichwa, abaayo, usimwangalie." Nikashika. Mtoto alilia mpaka sauti ikakauka, damu ikalowesha mtandio wangu, na mimi nimeshika tu. Baada ya siku nne akapona, nami nikambusu mama mkwe mkono. Miaka yote hiyo sikuwahi kujiuliza kama angepona hata bila kuchimbuliwa.

Muhula uliopita nilikuwa nafundisha aina za meno. Nilileta vioo vidogo, nikawaambia watoto watafute chonge, lile jino lenye ncha la kuraruria nyama. Wengine wakapiga kelele za furaha, wengine wakabaki wanageuza vioo huku na huku. Binti yangu, ambaye darasani huniita mwalimu kama wenzake, akainua mkono. "Mwalimu, chonge zangu za chini ziko wapi?" Nikamwambia zitaota. Nilimdanganya mbele ya darasa zima.

Jumamosi nikampeleka kwa daktari wa meno. Hakunilaumu, na hilo liliniuma zaidi. Alisema kilichochimbuliwa hakikuwa cha mbweha wala cha plastiki. Yalikuwa meno yake ya kawaida ambayo hayajakomaa, na hata yale ya ukubwani huenda yakaota kombo au yasiote kabisa.

Basi mwezi uliopita huyu mdogo naye akaanza kuharisha. Mama mkwe akaja na spoku yake imefungwa kitambaani. Nikamwambia, "Hooyo, nakuheshimu, lakini mdomo wa huyu hutaufungua." Nikambeba mtoto nikaenda zahanati. Akanifuata hadi kwa nesi. "Sista, hii mtoto iko na meno ya blastiki. Dawa yako hawezi saidia yeye."

Nesi akamjibu kwa upole, "Mama, tumwache kwanza anywe maji." Akakoroga ORS, akatupa vidonge vya zinki, tukakaa hapo tukimnywesha kijiko kwa kijiko. Siku ya tatu mtoto akawa anacheka. Mnajua mama mkwe alisema nini? Kwamba amepona kwa sababu yeye alimsugua ufizi kwa kidole tulipokuwa kwenye foleni.

Hapo hasira ilinipanda kweli. Mtoto akipona baada ya kuchimbuliwa, spoku ndiyo imemponya. Akifa, ni qadar, Mungu ndiye aliyepanga, au mama yake alichelewa kumleta. Dawa gani hiyo isiyokosea hata siku moja? Namwamini Mungu kuliko mnavyodhani, na sijaona popote aliposema ameweka meno ya mbweha kwenye mdomo wa mwanangu.

Sasa akina mama wanaulizana kwa nini mke wa mwanawe amekataa, na baadhi yao wameanza kupeleka watoto zahanati. Mama mkwe analia, chakula hali. Mume wangu, ambaye ananipenda na ninampenda, ameniambia, "Ijumaa baada ya alasiri wanawake watakusanyika kwa mama. Uje umwombe msamaha mbele yao, na mtoto achimbuliwe jino moja tu, heshima ya mama irudi. Ukikataa, utarudi kwenu Eldas." Jino moja tu. Kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani.

Nitaenda. Mtoto nitamfunga mgongoni, na atakayetaka kumgusa apite kwangu kwanza. Nikirudi Eldas nitarudi na watoto wangu, na kama ni kwa kadhi, twende kwa kadhi. Msamaha pia nitaomba, lakini si kwa mama mkwe. Nataka kumwomba binti yangu, mbele ya wanawake wote, kwa sababu spoku ilishikwa na bibi yake, lakini kichwa nilikishika mimi.

Hapo ndipo nimekwama. Binti yangu hajui. Kile kioo cha darasani alikuja nacho nyumbani, na kila asubuhi kabla ya kuvaa sare anaangalia kama chonge zimeanza kutokeza, kwa sababu mwalimu wake alimwambia zitaota. Ndugu zangu, kuhusu mdomo wa mvulana wangu sihitaji maoni ya mtu. Hili moja tu ndilo naomba mnisaidie: nimweleze kwanza tukiwa wawili, au aisikie Ijumaa pamoja na wengine?