Uke wa Mbuzi Hauna Aibu

Juzi nilikuwa kwenye duka moja mjini Mutomo linalouza dawa za mifugo na za watu. Mzee mmoja alimwambia muuzaji kwa sauti: “Mbuzi wangu amevimba uke, midomo yote miwili.” Wateja wakamhurumia mbuzi.

Mkewe akafuata: “Na mimi nina jipu kwenye mdomo wa uke, upande wa kushoto.”

Mzee akampiga kiwiko. “Mama watoto, heshima! Kuna watu hapa!”

“Si ni hao hao wamesikia wa mbuzi?”

Muuzaji akainamia simu yake. “Mama, sema tu huko chini.”

Mbuzi alipata dawa ya sindano. Mama alipewa dawa ya maumivu, bila kuulizwa swali lingine.

Nimekasirika mpaka leo. Uke ni mwili, kama sikio. Ama kwetu lazima uwe chini ya mkia ndio utajwe?