Nilimpeleleza Mkwe Jangwani, Nikaishia Kumla Ndege Wake

Kosa ni langu. Nalisema mwanzo kabisa, msije mkaanza kunihurumia kabla hamjasikia nilichofanya. Mimi ni mama mtu mzima, nakaa Bawshar, hapa Maskati, nina watoto wanne na wajukuu wawili, nasali, nafunga, sijawahi kuiba hata kijiko cha watu. Lakini baridi hii iliyopita nimefanya mambo ambayo mpaka leo nikiingia sebuleni mwangu naona haya mbele ya makochi.

Majina nimeyabadilisha. Langu halisi halitajwi, jamani, nina watu wananijua!

Binti yangu wa mwisho, tumwite Asma, aliposwa. Kijana, tumwite Nasir, ni wa jamaa waliotoka Unguja kama sisi. Mama yake na shangazi zake walikuja nyumbani, tukawakirimu, nasi tukaomba muda wa kuulizia, kama desturi ilivyo. Yeye mwenyewe sikuwahi kumwona, wala yeye hakuwahi kuniona mimi. Kwetu wanawake huonana kwanza na wanawake wenzao.

Tatizo lilikuwa kazi yake. Mama yake aliposema anaongoza watalii, nikafurahi, nikadhani yuko hotelini. Nikauliza hoteli gani.

"Si hoteli," akasema. "Anawapeleka jangwani kutazama ndege."

Kutazama ndege! Si kuwafuga, si kuwauza, si hata kuwapika. Kuwatazama! Binti yangu kasomea uhandisi miaka mitano, aolewe na mtu ambaye kazi yake ni kutazama? Mimi kunguru nawatazama kila asubuhi juu ya tangi langu la maji na hakuna aliyekuja kuniajiri.

Mama mwenye akili zake angemtuma mjomba akaulizie msikitini na kwa majirani. Mimi nikasema nitakwenda mwenyewe. Nikamvuta dada yangu Nunu, mjane anayependa safari kuliko nyumba yake, tukajiandikisha kwenye safari ya siku tatu ya kutazama ndege wa baridi, huko jangwa la katikati. Tukaambiwa tutume nakala za vitambulisho kwa ajili ya kibali, tukatuma. Mume wangu nikamwambia tunakwenda Sur kumtazama mgonjwa. Na Nasir nikapanga nimwambie jina langu Bi Zuwena.

Nikavaa barakoa ya hospitali na miwani ya jua, kisingizio vumbi. Nunu aliponiona akasema nimefanana na mtu anayekwenda kuvunja benki.

Tulikusanyika mtaa wa Madinat Sultan Qaboos mbele ya maduka, alfajiri. Ndani ya gari tulikuwa sisi wawili, mzee mmoja wa Kiingereza na mkewe, na nesi wa Kikenya, nimwite Sista Njeri, ambaye alikuwa ameingoja safari hii miaka miwili mpaka apate likizo. Nasir mwenyewe alikuwa mwembamba, mpole, kavaa nguo zilizopauka kama zimeanikwa tangu mwaka jana. Akaitazama abaya yangu yenye ukosi wa rangi ya machungwa.

"Bi Zuwena, samahani," akasema. "Hiyo rangi ndege wataiona kabla hatujawaona wao. Chukua hii shali yangu, ni safi."

Nikaipokea. Moyoni nikaandika: anapangia wanawake nguo.

Huko jangwani, wallahi, kulikuwa na baridi ya kung'ata masikio. Asubuhi ukungu unalala chini mpaka ngamia huwaoni miguu. Nasir anasimamisha darubini yake ya miguu mitatu, ananong'ona, "Kule, chini ya mgunga, shomoro jangwa," na sisi sote tunajipanga foleni kumchungulia ndege mdogo mwenye rangi ya kadibodi. Mzee wa Kiingereza anaandika kwenye daftari kwa furaha. Na kila Nasir akisema "kimya," ndipo Nunu anapofungua karatasi ya foili ya sambusa. Kwarakwarakwara! Ndege hao, wamekwenda zao.

Nami kazi yangu ilikuwa kupeleleza. Nikamwuliza kama anavuta sigara. Nikamwuliza mama yake anamwonaje. Nikajifanya mguu umeteguka ili nione kama ana huruma. Akanibebea begi, akapunguza mwendo, hakunung'unika hata kidogo. Nikaandika moyoni: mnafiki! Alipoamka kabla yetu akachemsha kahawa na kutengeneza mahali pa kusali tukakuta mkeka umetandikwa, nikaandika: anajionyesha. Kama angepaa juu na malaika ningesema anatafuta sifa.

Asubuhi ya tatu akatukusanya kabla ya kupanda gari. Akazungumza Kiingereza kwa wale wazee, halafu akatugeukia sisi.

"Nakuombeni mzime simu. Si sauti tu, zimeni kabisa. Hapa nnapokupelekeni leo sijapatapo kumpeleka mgeni yeyote. Kuna ndege anaitwa hubara. Wamebakia wachache, na watu wanawatafuta kwa kozi, ndege wa kuwindia. Mtu akipajua hapa, khalas, wamekwisha."

"Wanamtakia nini?" akauliza Nunu.

Nasir akakohoa. "Wengine wanaamini nyama yake inawapa wanaume wazee nguvu."

Mzee wa Kiingereza akaomba atafsiriwe. Nasir akasema wanampenda kwa ladha.

Tukalala kifudifudi nyuma ya kilima kidogo cha changarawe, mimi na umri wangu huu! Na mara, huyo. Ndege mkubwa kuliko jogoo, rangi ya mchanga mtupu. Akasimama, akatazama huku na huku, kisha akainua manyoya meupe ya shingo mpaka yakamfunika kichwa chote, akaanza kukimbia mduara, haoni mbele wala nyuma, anazunguka kama bwana harusi aliyeangukiwa na chandarua. Nilicheka mpaka nikauma shali ya watu. Halafu, sijui kwa nini, machozi yakanitoka. Alikuwa mzuri yule ndege, jamani. Alikuwa anajisahau kwa ajili ya jike ambaye hata sisi hatukumwona.

Hapo ningetulia tu! Ningetazama, nikaondoka na siri yangu!

Lakini sisi tuna kundi la simu, wanawake watupu wa ukoo, zaidi ya arubaini. Ukienda kununua vitunguu unatuma lokesheni. Ukiwa kwa daktari wa meno unatuma lokesheni. Asma alijitoa zamani, anasema tunamchosha. Siku mbili nzima pale jangwani mtandao ulikuwa unakuja na kupotea, na mimi nilikuwa najaa kama puto kwa habari ya kusimulia. Simu sikuizima. Nikaipenyeza chini ya shali, nikapiga video, nikatuma sauti, "Tazameni hubara anavyomchezea mkewe, waume zenu wajifunze!" Na lokesheni nikaituma, kwa mazoea tu, kidole kilikwenda chenyewe.

Sista Njeri alikuwa ubavuni kwangu. Akanong'ona, "Mama, aki, zima hiyo simu. Nasir amesema hakuna kutuma location. Hawa ndege watamalizwa."

"Mwanangu, nnatazama saa tu," nikamjibu.

Uongo wa kitoto, na mimi nina wajukuu!

Tukarudi Maskati salama. Nakiri, nilirudi nimeshindwa. Nikamwambia Nunu kijana yule hana kasoro, na ningekuwa na binti wa pili ningempa na huyo. Lakini nyumbani sikusema. Mume wangu akiniuliza nasema bado tunaulizia. Mama Nasir akipiga simu nasema inshallah kheri. Asma anazunguka nyumba na macho yake makubwa hapati pa kunianzia. Nilikuwa nalifaidi lile bembelezo, sikutaka liishe haraka.

Haikupita wiki mbili. Ijumaa moja binamu yangu Rahma akaja na bakuli kubwa la wali na nyama. Mume wake ni mtu wa kozi, anawatunza kuliko watoto wake. Tukala. Ilikuwa nyama nyeusi kidogo, tamu, imepikwa na bizari na ndimu kavu. Nikaongeza mara mbili. Nikasema, "Rahma, kuku gani huyu? Nipe jina la duka!"

Rahma akacheka mpaka akashika kifua. "Kuku wapi, habibti! Si yule wako wa kwenye video! Mume wangu na wenzake walifuata ile lokesheni. Nimesema lazima na weye uonje, si kwa ajili yako tumempata?"

Nilikwenda msalani, na yaliyotokea huko sitayaandika.

Baada ya siku chache akanipigia afisa anayeshughulikia wanyama wa porini. Walinzi wamekuta alama za matairi na manyoya, wala hawajui waliohusika. Mahali pale palijulikana na Nasir na sisi abiria wake tu. Wanamwuliza kila mmoja. Je, niliona mtu akituma kitu?

Ningesema! Nilikuwa nimeshika simu ileile mkononi! Mdomo wangu ukasema, "Labda yule Mkenya. Alikuwa na simu muda wote."

Nimeandika sentensi hiyo nikaifuta mara tatu, na kila nikiifuta inarudi kwa sababu ndiyo niliyoisema. Nilimchagua yeye kwa sababu hana ukoo hapa, hana kundi la wanawake arubaini, na nilijua hakuna atakayenipigia simu kunigombeza kwa ajili yake. Sista Njeri akaitwa kuhojiwa. Mtu anayeishi kwa kibali cha kazi, akaitwa kuhojiwa kwa dhambi yangu.

Siku ya tatu yake nikasikia Nasir kajipeleka mwenyewe. Kasema wasimwulize mtu yeyote, kosa ni lake, yeye ndiye aliyevujisha. Wakamsimamisha, hana ruhusa ya kuongoza safari. Unajua nilifanya nini niliposikia? Nilishusha pumzi. Nikasema alhamdulillahi, limepita. Nikapika na maandazi.

Jumapili alasiri akaja nyumbani, peke yake, kuzungumza na mume wangu. Mimi nikajua anakuja kuomba jibu la posa. Nikajipamba, nikachukua sinia ya kahawa, nikaingia majlis, chumba cha wageni, uso wazi, bila barakoa wala miwani, kwa kujiamini kabisa. Asma kasimama nyuma ya pazia la ukumbini.

Nasir akanyanyuka kwa heshima, akapokea kikombe. "Ahsante, Bi Zuwena," akasema.

Nikaishika sinia kwa mikono miwili.

"Zuwena nani?" akauliza mume wangu.

Nasir hakucheka. Akasema polepole, "Baba, mama alikuja kwenye safari yangu. Nakala ya kitambulisho chake nlikuwa nayo tangu siku aliyojiandikisha. Nlijua kaja kunitazama kama nnafaa, na nikaona ana haki. Ndiyo maana nikawapeleka kwa hubara. Nlitaka nimwoneshe kitu ambacho sijamwonesha mtu. Kanuni yangu niliivunja mwenyewe, simlaumu mtu. Nimekuja kusema tu kwamba sasa sina kazi. Sikutaka mje mnijibu posa bila ya kujua."

Mwenye makosa alikuwa amesimama pale na sinia mkononi, na mwenye haki ndiye anayeomba radhi!

Pazia likafunguka. Asma hakumtazama Nasir, alinitazama mimi.

"Mama. Ulituma lokesheni kwenye lile kundi?"

Ningeweza kukana. Nilitafuta, wallahi nilitafuta uongo, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu haukuja.

"Nilituma," nikasema. "Na nikamsingizia yule nesi. Na... na nikamla."

"Ulimla nani?" mume wangu akapiga kelele.

"Ndege."

Nasir akatikisa kikombe kuonesha katosheka, akakiweka chini taratibu, akaaga. Hakuudhika mbele yetu. Ningependa aniudhikie, anitukane hata! Aliondoka kwa adabu, na adabu ile iliniuma kuliko tusi lolote.

Kesho yake nikaenda kwa yule afisa nikasema yote, na jina la mume wa Rahma nikalitaja. Sasa kundi zima la ukoo limenitoa, mimi niliyelianzisha! Nikaenda hospitali kwa Sista Njeri na chombo cha sambusa. Alinisikiliza mpaka mwisho, amesimama.

"Mama, nimekusamehe, Mungu ni shahidi," akasema. "Lakini sambusa rudi nazo. Nililia wiki nzima nikijua nitarudishwa nyumbani, na watoto wangu wako shule."

Ruhusa ya Nasir bado haijarudi, wanasema wanaangalia. Hubara hawakurudi kabisa, hilo halina wa kuliangalia. Na mama Nasir hapigi simu tena.

Mama wenzangu, nawaasa. Binti yako akiposwa, tuma mjomba! Kama huna mjomba, kaa nyumbani ufume kofia. Ukiambiwa zima simu, zima, wala usiseme kidole kilikwenda chenyewe, kidole ni chako. Na ukijiona unatafuta jina la kumtupia dhambi yako, na jina lililokuja kwanza ni la mtu asiye na wa kumtetea, jifungie chumbani usitoke mpaka likupite.

Asma hali nami tena. Anaingia na sahani yake chumbani. Jana alasiri nilimsikia anacheka na simu, kicheko kirefu, cha chini, ambacho sikukisikia tangu yale yatokee. Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye kitasa. Nimemzaa, nimemlea, natamani kujua anazungumza na nani kuliko ninavyotamani kula. Nikauondoa mkono, nikaenda jikoni kuosha vyombo, na maji nikayafungulia kwa nguvu nisisikie.