Mabomba Niliyoyashona kwa Ngozi ya Ngamia

Andika kama ninavyosema, wala usinilainishie neno.

Landirova ile babu yako aliinunua angali kijana, nayo imezeeka pamoja nasi hapa Garissa. Tangu alipofariki, ndiyo inayotuletea maziwa ya ngamia kutoka upande wa Bura, mimi na wanawake wenzangu wa sokoni. Huiendesha mjomba wako, mwanangu wa pekee wa kiume. Kila alfajiri inapotoka langoni humwombea mwanangu dua, na ndani ya dua hiyo mna breki.

Kazi ya mabomba ya breki nilifundishwa na babu yako katika miaka ya ugonjwa wake, mikono yake ilipoanza kutetemeka. Aliketi juu ya jerikeni akasema, nami nikatenda. Asiyejua hudhani breki ni pedali. Breki ni mafuta yanayosukumwa ndani ya bomba jembamba kuliko kidole changu cha mwisho, kutoka mguuni mwa dereva hadi kwenye magurudumu. Bomba likipasuka, mguu unakanyaga hewa.

Kutu ilipoyala mabomba ya zamani, nilinunua bomba jipya la chuma. Nikalinyoosha juu ya ubao, nikapima kila kipande kwa uzi uliopitishwa chini ya gari, nikakata. Pa kukunja nililizungusha kwenye mchi wangu wa kutwangia iliki, kwa maana bomba linalokunjwa kwa mikono mitupu hubonyea. Kila ncha niliivisha nati kwanza, kwa kuwa mdomo ukishapanuliwa nati haiingii tena. Kisha nikaupanua mdomo kwa kibano cha babu yako, nikaukunja tena kwa ndani kama upindo wa nguo. Mdomo uliopanuliwa mara moja tu hupasuka. Na kila mahali ambapo bomba lingesuguana na fremu, nililivisha ngozi mbichi ya ngamia, nikaishona kwa mshono uleule ninaoshonea vyombo vya maziwa. Ngozi hiyo ikikauka hujibana, na jiwe la njiani halikifikii chuma.

Kufunga ndiko kulikonishinda. Magoti yangu hayakutaka tena kulala chini ya gari. Nikampa baba yako mabomba hayo ayafunge, kwani yeye ni fundi, tena ni mume wa binti yangu.

Wewe umekulia mjini, kwa hiyo nitalisema. Kwetu mama mkwe na mume wa binti yake hawatazamani usoni wala hawakai mkeka mmoja. Anapoingia, mimi najitanda shela. Anapofanya kazi, siendi kumsimamia kama mlinzi. Basi siku ile nilikaa ndani na kusikia milio ya spana kutoka uani, nikatosheka. Gari lilipokuwa tayari, mwanangu aliikanyaga pedali akaiona ngumu, naye akatosheka. Nikampelekea baba yako maziwa ya shukrani.

Haukupita muda mrefu. Katika mteremko wa laga moja, mto mkavu, kwenye njia ya Bura, pedali ilizama hadi sakafuni. Mwanangu alishusha gia, akaligeuzia gari kwenye kichuguu. Bega lake liliteguka, madumu yakapasuka, mchanga ukanywa maziwa ya watu. Wanawake waliokuwa nyuma walishuka wakilia, wazima, alhamdulillahi.

Gari lilipovutwa hadi kwangu, nilitandika mkeka chini yake nikalala chali, magoti yakipenda yasipende. Bomba nililoliona lilikuwa jekundu na laini, bomba la shaba la friji, lililopanuliwa mara moja tu, na mdomo wake umechanika. Ngozi haikuwapo.

Nilikwenda kwenu mchana uleule. Baba yako alikuwa nyuma ya pazia, na mama yako amesimama kati yetu.

"Mwambie mumeo," nikasema, "anijulishe mabomba yangu yako wapi."

Mama yako hakuwahi kufungua kinywa. "Mwambie hooyo yamo garini mwake," ikajibu sauti ya nyuma ya pazia; hooyo, yaani mama, ndivyo anavyoniita.

"Mwambie mumeo macho ya mama yako yamezeeka, lakini bado yanakijua chuma na yanaijua friji."

"Mnasikizana!" mama yako akafoka. "Mimi mmenifanya redio?"

Baba yako akasema kutoka kulekule nyuma ya pazia: "Mwambie hooyo, gari la maziwa linajikokota mchangani kama ngamia mwenye mimba. Breki kali ni za nini?"

Nikatoka uani. Pale ilikuwapo Landirova yake mwenyewe, ya aina ileile, aliyokuwa akiitengeneza ili ibebe abiria hadi Mandera, na ambayo kila asubuhi ilikupeleka shule. Niliinua turubai, nikapenyeza mkono nyuma ya gurudumu. Vidole vyangu vilikutana na ngozi, kisha na mshono. Hakuona hata haja ya kuufumua.

Baba yako akanifuata. Kwa mara ya kwanza tangu harusi yake tulitazamana, wala sikujitanda.

"Hooyo," akasema, bila kumtuma mtu, "mikono yangu haijui kazi kama hii. Na wewe ungeweza kutengeneza mengine."

"Mbona hukuniomba?"

"Ungekubali?"

"Ningekutengenezea kabla chai yako haijapoa."

Akatazama chini. Nilikuwa nimeshika spana, na nati ya kwanza ilikuwa karibu na kidole gumba changu. Ndipo alipoinua macho, akatazama kiti cha mbele, palipoachwa mkoba wako wa shule. Alijua kwamba nikiyatoa mabomba yale atayafunga ya friji, na kwamba wewe utapanda. Alikuwa amelijua hilo siku ile ile alipokuwa akigonga spana uani kwangu, nami nimekaa ndani kwa ajili ya heshima yake.

Nikairudisha spana mfukoni.

Umesimamisha kalamu. Andika. Ni baba yako, nami sikusema si baba yako.

Nilitengeneza mengine ya gari la maziwa, kila moja na ngozi yake. Nikayafunga mwenyewe nikiwa chali, mwanangu akikanyaga pedali huku mkono wake umefungwa kwa kitambaa, nami nikitoa hewa gurudumu baada ya gurudumu hadi pedali ikawa ngumu. Kisha nikapangusa kila kiungo na kukipaka jivu kavu, nikangoja nione kama litalowa. Halikulowa.

Baba yako hunisalimu bado kupitia kwa mama yako, nami humjibu kupitia kwake. Kila jioni gari lake linapokuwa mjini na kukuteremsha langoni pangu uje kuniandikia, mimi nikiwa ndani nimejitanda shela, husikia linavyosimama: mara moja, bila kuyumba.